Maji yakishuka, mzigo husimama: somo la Mississippi

Nchini Marekani, njia za maji za ndani husimamiwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi. Baada ya mafuriko makubwa ya mto Mississippi mwaka 1927, kikosi hicho kilianzisha mwaka 1929 kituo cha utafiti wa mito mjini Vicksburg. Mwaka 1943 ilianza kazi ya kujenga, karibu na Clinton, mfano mdogo wa bonde zima la mto huo, kwa nguvu za wafungwa wa kivita wa Kijerumani. Mafuriko yalipoutishia mto Missouri Aprili 1952, wahandisi waliyajaribu kwanza kwenye mfano huo, wakajua mapema ni kingo zipi zitazidiwa.

Hata hivyo, utafiti hauleti mvua. Oktoba 2022 ukame ulishusha maji mjini Memphis hadi kiwango cha chini kisichowahi kupimwa, na mwaka 2023 rekodi hiyo ikavunjwa tena. Matishari yalikwama na nauli zikapanda wakati wa mavuno. Tishari moja hubeba kama tani 1,500. Likipunguziwa shehena, gharama humwangukia mwenye nafaka.

Kwa wanaopitisha mizigo Mwanza, Kisumu na Port Bell, tatizo lilikuja kinyume: mwaka 2020 Ziwa Victoria lilivuka rekodi ya 1964, maji yakaingia bandarini na kwenye mialo.

Faida ya vipimo ni taarifa ya mapema. Isipomfikia msafirishaji kabla hajapakia, hasara inabaki yake.