Karata za Taroti na Kijana Mwenye Khofu

Kijana mmoja wa chuoni kwetu alituuliza: karata za taroti ni namna nyingi, zipi zitamfaa, na ajifunze vipi kuzisoma? Hatukumkemea, kwani aulizaye ataka kujua. Tulimweleza kwanza asili yake.

Karata hizi zilizuka Italia katika karne ya 15, kwa mchezo tu. Mwaka 1781, huko Paris, Antoine Court de Gébelin alidai kuwa ni kitabu cha hekima ya Misri ya kale. Na Ulaya hapakuwa na awezaye kusoma maandishi ya Wamisri hao hata mwaka 1822! Zilizoenea mno leo zilichorwa na Pamela Colman Smith, zikatolewa London mwaka 1909. Je, picha iliyochorwa na mja itaijuaje kesho?

Kupiga ramli ni haramu. Tazama Suratul Maida, aya ya 90. Lakini tulipomdadisi, tuliona shida yake si karata: hajui aendelee na masomo au ashike kazi.

Enyi wazazi, kijana akosaye wa kumshauri nyumbani humtafuta kwenye karata. Tuwasikilize, tushauriane nao, kisha wasali istikhara. Wabillahi taufiq.