Picha ikiganda, usikimbilie paa

Taarifa ya habari inaanza, picha inaganda. Baba anapanda juu ya bati, mama anatazama king'amuzi, watoto wanapaza sauti: "Bado! Rudisha kidogo!" Kwenye nyumba na kambi za wavuvi za mwambao wa Ziwa Victoria, hali hii si ngeni. Mwanza ilizimiwa mitambo ya analojia Februari 28, 2013, na tangu hapo chenga zimekwisha: picha ama ipo, ama inakatika.

Kwanza fungua menyu ya king'amuzi usome ubora wa mawimbi. Milima ya mawe na mabati huyazuia, hivyo antena ya nje, iliyoinuliwa na kuelekezwa mnarani, huishinda ya ndani. Igeuze kidogo kidogo, ukisubiri sekunde chache kila mara. Kagua viungio, maji yakiingia kwenye waya, mawimbi hupotea. Busta ikae karibu na antena, si karibu na televisheni.

Lakini afya kwanza. Nguzo ya chuma isikaribie nyaya za umeme. Usipande bati lililolowa, wala usiku. Ukanda wa ziwa una radi nyingi: wingu likitanda, chomoa nyaya zote mapema. Aliyenaswa na umeme usimguse kabla ya kuzima swichi kuu. Aliyeanguka na kulalamika shingo au mgongo asiinuliwe ovyo. Itafutwe msaada wa kitabibu haraka.

Utabiri wa hali ya hewa mvuvi atausikia hata redioni. Mzazi hana wa akiba.