Pilipili Si Mashindano, na Maharagwe Yaingie Sufuriani

Wacha niseme kitu kitakachowaudhi watu wa Texas na wasee wa ploti yetu kwa mpigo: kubishana eti chili haiwekwi maharagwe ni maringo ya watu walioshiba. Na chili inayomtoa mgeni machozi si ujuzi wa kupika, ni uonevu tu.

Kama hujawahi kuila, chili ni mchuzi mzito wa nyama na pilipili, unaopikwa polepole kwenye sufuria kubwa. Wenyewe ni Texas, Marekani, na mwaka 1977 jimbo hilo liliitangaza rasmi kuwa chakula chake. Kuna watu huko wakikuta maharagwe ndani wanakasirika kabisa. Mimi pia nilikuwa kwa hiyo timu, juu niliona kwenye video. Na unajua vile mtu aliyejifunza kupika kwa simu hubishana kuliko aliyefunzwa na mamake.

Sasa sikia. Njaanuari ya mwaka jana nililipwa pesa ya kazi fulani iliyochelewa. Nikasema leo napikia mabeshte. Nikanunua kilo moja ya nyama ya kusaga, nikaweka pilipili kichaa 15 na mbegu zake zote, bila maharagwe, "kama wenyewe." Tulikuwa watu 7. Nikaweka simu kwa dirisha turekodi nani atashindwa kwanza.

Wengine waliacha baada ya vijiko vitatu, wakacheka, wakakimbilia maji. Beshte yangu mmoja hakuacha. Alikaa kwa kona akala polepole, machozi yakimtoka, hadi sahani ikaisha. Tukampigia makofi. Tukamwita bingwa.

Usiku nikimsindikiza stage akaniambia hakuwa amekula tangu jana yake mchana. Halafu akaongeza, kama kitu kidogo tu, kwamba ana vidonda vya tumbo. Nikamuuliza, "Sasa mbona hukusema?" Akanijibu, "Ningesema nini, bro? Ulikuwa umepika."

Nilifuta ile video kabla sijafika nyumbani. Lakini swali halikufutika: mimi nilikuwa nampikia nani?

Baadaye nikasoma kidogo kuhusu hii chakula. Kabla ya mashindano na ubishi wa maharagwe, kule San Antonio kulikuwa na wanawake wenye asili ya Meksiko waliouza chili kwenye viwanja vya mji usiku, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka ya 1930. Watu waliwaita malkia wa chili. Kwa bei ndogo ulipata bakuli la moto, ukakaa kwa benchi na watu usiowajua. Hiyo ni nini kama si kibanda? Chakula kilichojulikana kwa kulisha mtu mwenye pesa kidogo, sisi tumekigeuza kuwa mtihani wa ujasiri.

Kwa hivyo siku hizi napika hivi, na sitaomba msamaha. Maharagwe mekundu kilo moja, yanalala kwenye maji usiku kucha. Asubuhi namwaga hayo maji, naweka mengine, nayachemsha kwa moto mkali hadi yaive kabisa. Hapo usibahatishe, maharagwe mekundu mabichi yana sumu yake ya asili na moto mdogo haitoshi kuiondoa. Ili gesi isiishe, natumia jiko la makaa. Pembeni nakaanga vitunguu vinne, kitunguu saumu, hoho, na nusu kilo tu ya nyama ya kusaga. Nyanya kama 10, bizari nyembamba ile ya pilau, na pilipili mbili zilizotolewa mbegu. Nachanganya na maharagwe, nafunika, naacha saa nzima iongee yenyewe. Nyama nusu, watu wanaoshiba ni zaidi ya 10. Ukitoa maharagwe, hiyo hesabu inakataa.

Najua mtasema, "Chili bila moto ni maharagwe ya boarding." Sawa, hoja nzuri. Mimi mwenyewe napenda pilipili. Ndiyo maana naisaga nyingine kichaa na ndimu na chumvi, naiweka kwa bakuli katikati ya meza. Anayetaka kuungua ajihudumie. Tofauti ni kwamba sasa anachagua yeye, si mimi. Na karibu nayo naweka mala, kwa sababu ile kitu inayochoma kwenye pilipili haiyeyuki kwa maji, inayeyuka kwa mafuta. Ndiyo maana maji hayakusaidii na maziwa yanasaidia. Ugali upo. Mahindi na pilipili zote asili yake ni Amerika, kwa hivyo hakuna sheria tumevunja.

Mwingine atasema kupika sufuria kubwa ni gharama. Lakini angalia vile tunaishi: kila mtu kwa bedsitter yake, smokie mbili na chai, status tunaandika "tunasonga." Wengi wetu hatuwezi kumwambia beshte, "Nina njaa." Lakini tunaweza kuitikia, "Kujeni, nimepika." Sufuria kubwa inamruhusu mtu kula bila kujieleza. Mkichanga kila mmoja kidogo, huyu nyanya, yule makaa, asiye na kitu aje aoshe vyombo.

Ila uliza kwanza. "Kuna mtu hali pilipili?" Sekunde tatu tu. Mimi sikuuliza, na nusura nimuumize mtu nikimshangilia.

Yule beshte bado huja. Siku hizi anafika mapema Jumamosi jioni, anakaa kwa ndoo pale mlangoni, anachambua maharagwe. Pilipili yangu ya pembeni haigusi, na hakuna anayemuuliza kwa nini.

Wewe wikendi hii unapikia nani?