Ambulensi za Action Park (Ajali na Sisi, sehemu ya 5)

Jamani, kwenye sehemu ya 4 wengi mliniandikia "ajali haina kinga". Haya, leo twende Marekani, mji wa Vernon, jimbo la New Jersey.

Mwaka 1978 tajiri mmoja, Gene Mulvihill, alifungua pale Action Park, uwanja wa michezo ya kuteleza na ya majini. Sifa yake kubwa: unajiendesha mwenyewe. Ukiumia, shauri yako.

Kulikuwa na njia ngumu ya kushukia mlimani kwa kigari kidogo. Hebu fikiria mtu kavaa kaptula, anaanguka pale kwa kasi ile. Ngozi inachunika, uchafu unabaki ndani ya nyama, na kukisafisha kidonda kile ni kilio kitupu. Na huyo ndiye mwenye bahati! Mwaka 1980 kijana wa miaka 19 alirushwa nje ya njia hiyo, akafa. Mwaka 1982 mtu alizama kwenye bwawa la mawimbi, na siku chache baadaye mwingine akauawa na umeme kwenye mchezo wa mitumbwi. Hadi panafungwa mwaka 1996, walikuwa wamekufa watu wasiopungua 6.

Majeruhi walizidi mpaka uwanja ukaununulia mji ambulensi za ziada. Wamarekani husimulia hili wakicheka. Mimi naona hesabu ya biashara tu: mwenye mali kaona afadhali anunue gari la kubebea watu kuliko kuondoa kinachowavunja. Bima nayo? Ya kampuni isiyo na kibali, na mwaka 1984 alikiri mashtaka mahakamani.

Mwaka 1998 kampuni ya Intrawest ikapanunua, ikaondoa michezo ya hatari, ikapaita Mountain Creek. Mlima ule ule, maji yale yale. Kumbe kinga ilikuwepo, ila ilikuwa na gharama.

Mwaka 2010 mali ikarudi mikononi mwa kundi la kina Mulvihill. Mwaka 2014 wakarudisha hadi jina la Action Park, maana waliotoka salama ujanani walilikumbuka kwa raha. Hapo ndipo nilipoudhika. Jina la mahali palipoua watu linageuzwaje tangazo? Mwaka 2016 likaondolewa tena.

Sehemu ya 6: namna ya kumtambua mtu anayezama. Wengi hawapigi kelele kama mnavyoona kwenye sinema.