Rufani Ndefu Iombewe Kibali Mapema
Tangu mauaji ya Shangi na Mibilizi ya Aprili 1994, watu wa Gikundamvura na Cyangugu nzima walingoja hadi Septemba 2011 ndipo rufani ya Yussuf Munyakazi ikaamuliwa, na kifungo cha miaka 25 kikathibitishwa. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimwekea mrufani kikomo cha maneno 30,000; aliyetaka kuzidisha alipaswa kuomba kibali kabla, akieleza sababu zisizo za kawaida. Twaliunga mkono sharti hilo, kwani hoja nzito haihitaji kurefushwa. Lakini hukumu ikiwa ya mamia ya kurasa, ombi la namna hiyo lijibiwe upesi: siku za kuwasilisha rufani hazikomi kuhesabiwa wakili akingoja jibu.