Kusafisha bati si lazima upande juu ya bati



Leo naacha migomba na kahawa kidogo, nataka tuongee kuhusu paa. Nina sababu. Mwaka mmoja, mwezi wa nane, niliongea kwenye mkutano wa kijiji nikawahimiza watu wasafishe mabati na gata kabla ya vuli ili wavune maji safi. Watu walipiga makofi nikaondoka. Wiki chache baadaye nikasikia mzee mmoja aliyekuwa amekaa mbele kabisa siku ile ameanguka. Alisubiri mpaka mvua ya kwanza ikanyesha, akaona majani yamejaa kwenye gata, akapanda. Bati lilikuwa limelowa. Akateleza na kuvunjika nyonga.

Nilipokwenda kumwona hakunilaumu. Alisema tu, "Bwana shamba, si ulisema bati lisafishwe?" Nikakosa la kumjibu. Nilikuwa nimesema lisafishwe. Sikusema lisafishwe vipi, lini, wala na nani.

Ndiyo maana leo natoa maoni yangu waziwazi: sisi wataalamu tunahimiza sana uvunaji wa maji ya mvua na tunasahau kufundisha matunzo ya paa. Na ninyi wananchi mnaona kazi ya paa ni ya kupanda tu. Tumekosea wote. Sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika ukiwa umesimama chini.

Kwa nini tusiache kusafisha

Wapo watakaosema, basi tuache, mvua itasafisha yenyewe. Hapana. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba ambayo paa lake linafunika mita 10 kwa 6, mvua ya milimita 20 inaleta lita 1,200. Hata sehemu ya tano ikipotea, bado unabaki na lita 960, karibu tanki la lita 1,000 kwa mvua moja. Kwa mama anayebeba ndoo kutoka bondeni hadi juu ya kilima, hiyo si kazi ndogo iliyopungua.

Lakini mvua hiyohiyo inateremsha kinyesi cha ndege na popo, vumbi la barabara na masizi ya jikoni. Majani yaliyolowa yakikaa juu ya bati yanashika unyevu na kutu inaanzia hapo. Gata ikiziba, maji yanarudi ukutani. Kwa mfanyabiashara wa Omurushaka au Nkwenda mwenye magunia ya kahawa ya maganda au maharage stoo, tundu moja la msumari linatosha kuleta ukungu kwenye gunia, na mnunuzi hatakuuliza paa lako lina hali gani. Atashusha bei tu.

Kazi za kufanya ukiwa chini

1. Chagua wakati. Safisha mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Agosti kabla ya vuli, na Februari kabla ya masika. Bati liwe kavu. Asubuhi umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali ni wakati mzuri. Ukisikia radi hata kwa mbali, acha kazi.

2. Kata matawi. Mti wa parachichi au msambya ulioegemea paa ndio unaoleta majani, na panya anapita humohumo. Ukipunguza matawi umepunguza nusu ya kazi. Tawi kubwa lililo juu ya nyumba mwachie mtu anayejua kulishusha kwa kamba.

3. Chomoa bomba la kuingiza maji kwenye tanki kabla hujagusa uchafu. Wengi wanasahau hili, uchafu wote wa miezi mitatu unaishia ndani ya tanki.

4. Funga fagio laini kwenye mti mrefu mwepesi au mwanzi, ufagie kuanzia juu kuja chini. Nyumba zetu nyingi si ndefu, utafika mbali kuliko unavyodhani. Uchafu ulioganda loweka kwa maji na sabuni kidogo ya kufulia, kisha suuza vizuri.

5. Usitumie petroli wala dizeli. Zinaharibu mpira wa misumari na kuchafua maji ya kunywa. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, wala brashi ya waya. Hivyo vinakula ile zinki inayolinda bati, na baada ya muda mfupi utaona kutu.

6. Tafuta matundu ukiwa ndani. Kama hakuna silingi bodi, saa sita mchana funga milango na madirisha, tulia gizani, angalia juu. Kila panapopenya mwanga weka alama ya chaki kwenye papi iliyo karibu. Fundi akija hatahangaika kutafuta.

7. Ondoa mawe na matairi yaliyowekwa juu kuzuia upepo. Chini yake maji yanatuama na bati linaoza. Dawa ya upepo ni msumari wa bati wenye mpira uliopigwa vizuri kwenye papi. Kama hufikii ukiwa chini, mwachie fundi aondoe na kupiga misumari kwa safari moja.

Gata na ngazi

Gata utahitaji ngazi, lakini ngazi si paa. Ikague kwanza kama haijaliwa na mchwa na kama vidato havichezi. Isimame kwenye ardhi ngumu. Kwa kila futi 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe futi 1 kutoka ukutani. Ncha yake ipite ukingo wa paa kama mita 1, na usiiegemeze kwenye gata, itapinda. Mtu mmoja aishike chini muda wote. Zoa uchafu kwa chupa ya plastiki uliyoikata mdomo, na usijinyooshe pembeni. Shuka, hamisha ngazi, panda tena.

Angalia waya wa umeme unapoingilia nyumbani. Ngazi ya chuma au mti mbichi ukigusa waya uliochunika, hakuna wa kusimulia.

Pakilazimu kupanda

Kubadilisha bati, kuziba tundu karibu na kofia, hiyo ni kazi ya fundi mwenye kamba na msaidizi. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, halikubebi kati ya papi na papi. Fundi anakanyaga kwenye mstari wa misumari kwa sababu anajua papi iko chini yake. Mwambie pia asizibe kwa lami wala kupaka rangi yenye risasi kama maji ya paa hilo yanakunywewa.

Na jamani, tuache kumpandisha mtoto kwa kuwa ni mwepesi. Huenda bati lisipinde. Lakini mtoto hajui papi iko wapi, na akianguka anaanguka kama mtu mzima.

Gharama

Najua mtaniuliza, "Bwana shamba, hela ya fundi itoke wapi?" Swali ni la haki. Jibu langu ni kikundi. Vikundi vya kuweka na kukopa tunavyo karibu kila kitongoji. Nyumba kumi zikikubaliana siku moja ya Agosti, zinamlipa fundi mmoja, zinanunua ngazi moja nzuri ya pamoja na fagio mbili za mti mrefu. Anayejiweza afagie lake mwenyewe akiwa chini. Wazee na wajane wafanyiwe. Tunachangiana msiba na harusi, tushindwe kuchangia ngazi?

Mvua ikianza

Maji ya kwanza baada ya kiangazi yamwage. Kwa paa lile la mita 60 za mraba, angalau lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20, yasiingie tanki. Ndipo urudishe bomba, ukiwa umefunga wavu mdomoni. Ukipiga dawa kahawa iliyo karibu na nyumba, chomoa bomba tena mpaka mvua isuuze paa. Maji ya kunywa yachemshwe hata kama tanki linang'aa.

Yule mzee sasa anatembea kwa fimbo. Msimu ule kahawa yake ilivunwa na majirani, na tanki lake, baada ya yote, lilijaa maji ya majani yaliyooza. Siku hizi nikiitisha mkutano nikataja usafi wa bati, yeye ndiye anayenyoosha mkono wa kwanza. Anawaambia wenzake wafagie wakiwa chini.

Kama una swali, mwone afisa ugani wa kata yako, au nisimamishe njiani nikipita na pikipiki.