Ada Imefutwa, Mlango Bado Umefungwa

Uamuzi wa kufuta ada katika shule za Serikali, ulioanza kutekelezwa Januari 2016, ni uamuzi wa haki ambao hakuna mzalendo anayeweza kuubeza. Kabla yake, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikwisha kutamka kwamba elimu ya awali ni ya lazima kwa muda wa mwaka mmoja, kwa watoto wenye umri wa kati ya miaka 3 na 5. Neno lililotumika ni “watoto”. Halikuwekewa mkia wa kusema “isipokuwa asiyesikia, asiyeona na mwenye mtindio wa ubongo”. Mkia huo umeongezwa mezani kwa mwalimu mkuu, kwa sentensi moja ambayo wazazi wengi wameizoea: “Huyu mpelekeni shule maalumu.”

Sentensi hiyo husemwa kwa upole, pengine hata kwa huruma. Lakini shule maalumu ziko wapi? Ile ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa mwaka 1950; ile ya viziwi ya Tabora, mwaka 1963. Zimefanya kazi kubwa, na nyingine zimeongezeka tangu wakati huo, lakini bado ni chache na ziko mbali. Mkulima wa Namtumbo atampelekaje mtoto wa miaka mitano bwenini Tabora? Hampeleki. Anarudi naye nyumbani, na mtoto anakaa uani mpaka afikishe miaka minane au kumi. Wengine hawatoki uani kabisa.

Hasara ya miaka hiyo hailipiki baadaye. Binadamu hujifunza lugha katika miaka yake ya mwanzo. Mtoto asiyesikia ambaye hakufundishwa lugha ya alama katika umri huo aweza kuingia darasa la kwanza akiwa hana lugha yoyote, si ya mikono wala ya mdomo. Kisha huandikwa katika taarifa yake kwamba ni mzito wa kuelewa. Aliyemfanya mzito ni nani?

Watetezi wa hali hii husema kwamba walimu wenye taaluma hawapo. Ni kweli kwamba wanaoandaliwa Patandi na kwingineko hawatoshi, na mwalimu wa awali mwenye watoto themanini katika chumba kimoja asibebeshwe lawama isiyo yake. Lakini Taifa hili liliwahi kukutana na hoja hiyo hiyo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipoagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo 1977, walimu wa kutosha hawakuwapo. Vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa huko huko vijijini, wakifundisha huku wakifundishwa. Ubora ulitetereka, wala si vema kuficha jambo hilo. Hata hivyo watoto hawakuambiwa wasubiri.

Tena darasa la awali ndilo jepesi kuliko yote kwa kazi hii. Huko hakuna mtihani wa Taifa. Kuna nyimbo, michezo, na kuhesabu vizibo vya soda na punje za mahindi, jambo ambalo asiyeona hulifanya kwa vidole sawa na wenzake. Asiyetembea anahitaji mteremko wa saruji mlangoni na choo anachoweza kuingia. Halmashauri inayojijengea ofisi za ghorofa haina uso wa kudai kwamba saruji hiyo imekosekana.

Ipo pia gharama ambayo kufutwa kwa ada hakukuigusa. Mama humbeba mgongoni mtoto asiyetembea, asubuhi kwenda na mchana kurudi, huku shamba likimngoja; akichoka hulipa bodaboda. Afisa anayepanga bajeti bila kifungu cha usafiri wa watoto hao na amwulize mama huyo maana ya neno “bure”.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inampa mtoto huyo haki ya elimu sawa na wenzake. Kinachobaki ni kumwandikisha. Mtendaji wa kijiji anayeijua kila kaya siku ya kukusanya michango hawezi kudai kwamba hajui nyumba yenye mtoto asiyetoka nje. Kabla ya Januari apite yeye na mwalimu mkuu, nyumba kwa nyumba, daftari mkononi, na jina liandikwe kwanza. Madai ya mtaalamu, mteremko na usafiri yafuate kwa barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ikitaja idadi ya watoto na vijiji wanakoishi.